Maabara Nazo Zijitegemee

Katika maabara za utafiti duniani kote hutumika protini moja ya binadamu ambayo kazi yake ni kuhimiza chembe hai za ngozi zikue na kuongezeka. Ni protini ndogo, yenye asidi amino 53 tu. Watafiti huitia kwa vipimo vya chini mno katika vyombo vya kuoteshea chembe hai, nazo hushamiri. Chupa zake huandikwa kuwa ni za utafiti tu, si tiba. Kwa maabara nyingi za nchi maskini, chupa hizo hununuliwa ng'ambo kwa fedha za kigeni na kusafirishwa katika baridi. Fedha zikikosekana, utafiti husimama.

Aliyeigundua protini hiyo ni mwanasayansi wa Marekani, Stanley Cohen, ambaye aliikuta kwanza katika tezi za mate za panya. Mwaka 1986 alitunukiwa Nishani ya Nobel pamoja na Rita Levi-Montalcini wa Italia. Lakini kuikamua kutoka mwilini mwa kiumbe ni kazi ngumu yenye mavuno haba. Kilichoondoa shida hiyo ni uhandisi wa jeni. Jeni ya binadamu yenye maagizo ya kuitengeneza huingizwa ndani ya bakteria au hamira, na vijidudu hivyo huitengeneza kwa wingi ndani ya matangi.

Elimu hiyo haikubaki mikononi mwa matajiri peke yao. Mwaka 1981 Kuba, nchi ndogo iliyowekewa vikwazo vya biashara na Marekani tangu 1962, ilituma wanasayansi wake sita Helsinki, Finland. Huko Kari Cantell aliwafundisha kutengeneza protini nyingine ya binadamu, intaferoni, kutokana na chembe nyeupe za damu. Waliporudi hawakungoja jumba la fahari. Walianza kazi katika nyumba ya kawaida mjini Havana, na mwaka huohuo wakaipata intaferoni yao. Julai 1986 nchi hiyo ilifungua Kituo cha Uhandisi wa Jeni na Baioteknolojia.

Katika kituo hicho protini ya Cohen ilitengenezwa kwa hamira, jamii ileile inayoumua unga wa mikate. Wakuba hawakuridhika kuiacha katika vyombo vya utafiti. Waliisafisha, wakaipima, wakaifanyia majaribio, na mwaka 2006 dawa ya Heberprot-P ikasajiliwa nchini mwao. Dawa hiyo huchomwa ndani ya kidonda cha mguu cha mgonjwa wa kisukari ili kipone, na mguu usikatwe.

Hapo ndipo penye funzo. Kwa anayenunua tu, protini hiyo ni bidhaa inayokwisha chupa inapokwisha. Kwa anayejua kuitengeneza, ni mlango wa kuingilia katika tiba. Mkulima anayekatwa mguu hapotezi kiungo tu. Hupoteza jembe lake, na familia yake hupoteza chakula.

Wapo watakaouliza: nchi yenye zahanati zisizo na maji ina haja gani na matangi ya hamira? Swali hilo ni la haki, wala zahanati hazifai kusahauliwa. Lakini anayengoja shida zote ziishe ndipo aanze kujifunza, hataanza kamwe. Ni kweli pia kwamba Kuba yenyewe imekumbwa na uhaba mkubwa wa dawa katika miaka ya karibuni. Hiyo yaonyesha kuwa ujuzi pekee hautoshi bila uchumi wa kuubeba. Haionyeshi kwamba ujuzi hauna maana.

Si lazima kila nchi maskini itengeneze kila kitu. Nchi jirani zaweza kuungana na kuwa na kituo kimoja kinachotengeneza protini za kawaida za utafiti kwa maabara zao zote. Vijana wapelekwe kusoma, na wakirudi wapewe vifaa na muda. Kutoka kufunguliwa kwa kituo cha Havana hadi kusajiliwa kwa dawa ile ilipita miaka 20. Serikali inayodai matunda kabla ya bajeti ijayo haitayaona.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Katika jambo hili, asiyefunzwa kutengeneza atanunua daima, na siku muuzaji akikataa, mgonjwa ndiye atakayelipa.