Mtoto Aliyeambiwa Asiogope

Ile fulana ya mtoto yenye picha ya popo mweusi kifuani mnaifahamu. Pengine hata sasa imeanikwa kwenye kamba nyuma ya nyumba. Huyo ni Batman. Watoto wanampenda kwa sababu yeye, tofauti na mashujaa wengine wa katuni, hana nguvu za ajabu. Haruki angani, na risasi ikimpata anaweza kufa. Wengi wetu huwaachia watoto televisheni, sisi tukaendelea na mboga zetu jikoni. Safari hii tumeona afadhali tukae nao, maana chini ya lile joho jeusi kuna habari ya mtoto aliyefiwa, habari ambayo sisi wauguzi tunakutana nayo wodini na ninyi mnakutana nayo matangani.

Batman alitungwa huko Marekani na Bob Kane na Bill Finger, akatokea mara ya kwanza mwaka 1939 katika toleo la 27 la jarida la Detective Comics. Toleo la 33, mwaka huohuo, ndilo lililoeleza kisa chake. Mtoto Bruce Wayne anatoka sinema usiku pamoja na baba yake, Thomas, na mama yake, Martha. Jambazi anautaka mkufu wa mama. Baba anapojaribu kumkinga mkewe anapigwa risasi, na mama naye anauawa. Picha chache mbele tunamwona mtoto kando ya kitanda, mshumaa unawaka, anaapa kwamba atapambana na wahalifu maisha yake yote. Mara amekuwa mtu mzima. Amekaa peke yake nyumbani anawaza avae nini ili awatie wahalifu hofu, popo anaingia dirishani, na shauri linaishia hapo.

Habari yote hiyo imechukua kurasa mbili tu. Sisi tulizisoma tukajikuta tunatafuta kitu ambacho hakimo: mtu. Hakuna shangazi, hakuna bibi, hakuna hata jirani wa kumletea uji. Mtoto ameona wazazi wake wote wawili wakiuawa, na kitu cha kwanza anachofanya ni kuapa. Hakuna aliyemwuliza usiku ule kama amelala.

Filamu ya mwaka 2005 iitwayo Batman Begins, iliyoongozwa na Christopher Nolan, ilikichambua kisa hicho kwa undani zaidi. Humo Bruce anatumbukia kisimani, na popo wanamrukia kwa mamia. Baba anashuka kwa kamba kumtoa, na baadaye anamweleza kwamba popo wale walimrukia kwa sababu wao ndio waliomwogopa. Ni maneno ya mzazi mwenye busara. Na popo nao, tuseme kweli, hata kwetu wanajua kutisha watu wazima. Mwaka 1995, hofu ya Popobawa ilipozuka Pemba na Unguja, watu wengi walihama vyumbani wakalala nje pamoja. Angalau wao waliogopa kwa pamoja.

Baada ya kisima, familia inakwenda kutazama mchezo wa kuigiza wa nyimbo. Jukwaani wanatokea waigizaji wanaofanana na popo. Moyo wa mtoto unakwenda mbio, anaomba watoke. Hapo baba anafanya jambo ambalo tunatamani kila baba alione. Hamfichui mwanawe. Mama anapouliza kulikoni, baba anajibu kwamba ni yeye aliyehitaji kupata hewa. Wanatokea mlango wa pembeni, na huko ndiko jambazi aliko. Baba, akiwa anakata roho, anamwambia mwanawe asiogope.

Mama wenzetu, neno hilo tunalitumia kila siku. Mtoto akiogopa sindano, tunamwambia asiogope. Akiogopa giza, vivyo hivyo. Si neno baya, na baba yule alilisema kwa upendo wote aliokuwa nao. Lakini mtoto wa miaka minane hivi hulisikia kama amri. Ameambiwa asiogope, na mwili wake unaogopa, kwa hiyo anajiona amemwasi marehemu. Hofu si tabia ambayo mtu huiacha kwa kuambiwa. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo unakwenda mbio, mikono inapoa, tumbo linavurugika, na yote hayo hutokea kabla mtoto hajapata nafasi ya kuamua awe jasiri au asiwe.

Ndiyo maana Bruce anakua akiwa na hasira nyingi kuliko machozi. Katika filamu hiyo, akiwa kijana, anakwenda mahakamani na bastola mkononi kumngoja muuaji wa wazazi wake, ila mtu mwingine anawahi kumpiga risasi. Miaka inapita, anarudi nyumbani, anashuka kwenye pango lenye popo na kusimama katikati yao. Watazamaji hupiga makofi hapo. Sisi tunaona jambo jingine: kumzoeza mtu kile anachokiogopa ni dawa inayojulikana, lakini hufanywa hatua kwa hatua, na mtoto akiwa ameshikwa mkono. Yeye aliifanya peke yake ukubwani. Kisha akalivaa lile alilokuwa akiliogopa, ili sasa wengine ndio waogope. Hofu haikutoka nyumbani mwake. Alichofanya ni kuishonea nguo.

Tumekaa sana kwenye sinema, lakini tazameni matangani kwetu. Mvulana wa miaka tisa amefiwa na baba, na kila mgeni anayeingia anamshika bega na kumwambia jikaze, wewe sasa ndiwe mwanamume wa nyumba hii. Mtoto anajikaza kweli. Halii. Watu wazima wanasifu: mtoto huyu ana moyo! Miezi inapita, shuleni wanasema anapiga wenzake. Au anaanza kukojoa kitandani, ilhali aliacha zamani. Au tumbo linamuuma kila asubuhi ya shule, vipimo vinarudi safi, na mama anaambiwa mtoto anadeka. Hadeki. Tumbo linasema lile ambalo mdomo umekatazwa.

Umri nao una mambo yake. Mtoto wa miaka mitatu au minne kwa kawaida hajaelewa kwamba kifo hakina kurudi. Leo atauliza mama anarudi lini, ukamweleza, na kesho atauliza tena. Mjibuni tena bila kukemea. Wa miaka minane ameelewa, ila mara nyingi hushika jambo zito zaidi, kwamba yeye ndiye aliyesababisha. Alimkasirikia baba asubuhi ile, basi ndiyo maana. Katika filamu, Bruce anamwambia mzee Alfred, mtumishi wa nyumba yao, kwamba kosa ni lake, kwa kuwa ni hofu yake iliyowatoa wazazi mle ukumbini. Alfred hamwambii anyamaze wala asiseme maneno hayo. Anamjibu waziwazi kwamba aliyefanya ni mwuaji, na ni mwuaji peke yake. Ndipo mtoto anasema amewakumbuka wazazi wake, na analia.

Jibu kama hilo haligharimu kitu, na mtoto huweza kulihitaji mara nyingi, si siku moja tu. Semeni neno lenyewe, amekufa. Mkisema amelala, mtoto ataogopa kulala. Mkisema amesafiri, atakaa dirishani akingoja, na siku mtakayofunga mizigo yenu kwenda hata kijiji cha pili atashika nguo zenu kwa kilio. Muda wa chakula, wa kulala na wa shule ubaki uleule kadiri iwezekanavyo. Akitaka taa iwake, iwasheni. Ikiwa wiki nyingi zimepita na bado hali vizuri, hachezi, au anasema anatamani kumfuata marehemu, msingoje. Mpelekeni kituo cha afya, mkaeleze kwamba amefiwa, maana bila kuambiwa tunaweza kutafuta minyoo.

Mle kwenye filamu mna mganga mmoja mwovu wa magonjwa ya akili, Crane, anayewapulizia watu dawa ya kuwatia hofu. Anampulizia Batman. Na huyo mtu anayetisha mji mzima, akiwa anaungua na kuona popo machoni, anafanya nini? Anampigia simu Alfred, aje amchukue. Watoto wenu wakilitazama tena, waulizeni kwa nini hakumwita mwingine.

Waandishi wa katuni wenyewe ni kama waliona pengo lile la mwaka 1939. Alfred aliingizwa mwaka 1943, mwanzoni kama mtumishi aliyekuja Bruce akiwa tayari mtu mzima. Waliofuata ndio waliobadili wakasema alikuwepo tangu utotoni. Na mwaka 1976 mwandishi Dennis O'Neil alimleta mwanamke aitwaye Leslie Thompkins. Katika kisa hicho, usiku ule wa mauaji, yeye ndiye aliyemkuta mtoto pale uchochoroni na kumfariji. Ilichukua miaka 37. Batman wa O'Neil, kila mwaka siku ileile, huacha shughuli zake zote akaenda kwenye uchochoro ule, na mama yule, ambaye sasa ni mzee, bado anaishi mtaa huohuo.