Siki kabla ya dripu

Mkulima wa zabibu wa Makutupora anajua: ukikata maji, mzabibu hunyauka. Saratani nayo ina mfereji wake. Uvimbe ukiwa mdogo kama punje ya uwele hujitosheleza; ukitaka kukua, huvuta mishipa mipya ya damu iulishe. Mwaka 1971 Judah Folkman, daktari wa upasuaji wa Marekani, alipendekeza tuukate mfereji huo. Wengi hawakumwamini. Mwaka 2004 nchi yake ikaidhinisha bevasizumabu, dawa ya kazi hiyo hiyo, kwa saratani ya utumbo mpana.

Sisi dawa hiyo inatuhusu zaidi kwa saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Mwaka 2014 Marekani iliiruhusu kwa wagonjwa ambao ugonjwa umesambaa au umerudi. Katika utafiti uliotangulia ruhusa hiyo, nusu ya waliotibiwa kwa kemotherapia pekee waliishi miezi 13 hivi au zaidi. Walioongezewa bevasizumabu, nusu yao waliishi miezi 17 hivi au zaidi.

Miezi minne hivi. Kwa mama anayesubiri mwanawe amalize darasa la saba, si haba, na hatuibezi. Lakini ina gharama. Dawa huingia kwa dripu kila wiki tatu. Huweza kupandisha presha, kuvujisha damu, hata kutoboa utumbo. Na uvimbe haukosi ujanja: ukizibiwa njia moja hutafuta nyingine. Kwa saratani ya matiti, Marekani yenyewe iliifuta ruhusa mwaka 2011, baada ya kuona haiwarefushii wagonjwa maisha.

Basi tupange foleni sawasawa. Wa kwanza ni binti. Chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani hii, inatolewa nchi nzima tangu 2018, na tangu 2024 dozi moja inatosha kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Asirukwe hata mmoja, awe darasani au machungani.

Wa pili ni mama yake. Nesi hupaka siki hafifu kwenye mlango wa kizazi, husubiri dakika moja, na penye mabadiliko hugeuka peupe. Mara nyingi panatibika siku hiyo hiyo, kabla hapajawa saratani.

Wa tatu ni aliyekwisha kuugua lakini bado anaweza kupona. Huyu anahitaji mionzi. Kwa miaka mingi mtu wa Dodoma au Singida aliifuata Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Treni ya SGR imefupisha safari, lakini mionzi ni ya wiki kadhaa, na wiki hizo zinataka mahali pa kulala na chakula. Huduma hiyo iwe karibu na wagonjwa wa kanda ya kati.

Ndipo ije bevasizumabu. Hatusemi ikataliwe. Hataza zake za mwanzo zimekwisha na viwanda vingine vinatengeneza dawa zinazofanana nayo. Bohari ya Dawa ivishindanishe kwa bei. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 ipo. Kitita chake kiseme wazi ni mgonjwa yupi atalipiwa na yupi hatalipiwa. Na daktari aiambie familia idadi ya miezi inayotarajiwa. Watu wasiuze ng'ombe wakidhani wananunua uponyaji.

Wabunge hukutana hapa Dodoma kila mwaka kupitisha bajeti. Watakapofika kwenye fungu la Wizara ya Afya, waulize swali moja dogo: zahanati ngapi za Chamwino, Bahi na Kongwa leo zina siki, taa na nesi aliyefundishwa kuvitumia? Wapewe idadi, tena kijiji kwa kijiji.