Nafuu ya Mtoto Asiyesema Ipimwe kwa Kipimo Gani?

Ugonjwa wa Rett, ambao daktari Andreas Rett wa Austria aliueleza mwaka 1966, humpata takriban mtoto wa kike mmoja kati ya 10,000, ambaye hukua vyema kwa miezi 6 hadi 18, kisha hupoteza maneno machache aliyokwisha kuyajua, na mikono yake iliyokuwa ikishika kijiko hubaki ikisuguana kana kwamba inanawa. Mwaka 1999 maabara ya Huda Zoghbi ya Houston iligundua kwamba chanzo kikuu ni hitilafu ya MECP2, jeni iliyomo katika kromosomu X, na mwaka 2007 kundi la Adrian Bird la Edinburgh likaonyesha kwamba panya waliokwisha kuugua walipata nafuu kubwa jeni hiyo iliporejeshewa kazi yake. Kwa binadamu, hata hivyo, nafuu yenyewe ni vigumu kuipima.

Ugumu huo ulijitokeza katika jaribio la trofinetide, dawa ya kwanza ya ugonjwa huu kuidhinishwa Marekani, mwezi Machi 2023. Wagonjwa 187 wa umri wa miaka 5 hadi 20 walinyweshwa kwa wiki 12 ama dawa, ama kimiminika kilichofanana nayo kisicho na dawa, huku madaktari wakitoa tathmini zao na walezi wakijaza hojaji ya vipengele 45, ambayo jumla yake hufikia 90 kwa hali mbaya zaidi. Wastani wa hojaji ulishuka kwa alama 4.9 kwa waliopewa dawa na 1.7 kwa wenzao, tofauti ambayo kitakwimu si rahisi kuihesabu kuwa bahati tu, ingawa haielezi kama kuna mtoto aliyeanza kushika kikombe. Isitoshe, asilimia 80.6 ya waliopewa dawa waliharisha, dhidi ya 19.4 ya wengine, hivyo mama aliyebadilisha nepi mara kwa mara aliweza kukisia mwanawe anakunywa nini, na huenda kisio hilo likapenya katika majibu yake.

Wanaotaka vipimo vya mashine pekee wana hoja, kwa kuwa kifaa kinachorekodi pumzi hakina matumaini wala hofu. Lakini anayejua lipi linamtesa mtoto usiku ni mlezi. Inafaa basi kila familia itaje malengo yake kabla ya jaribio kuanza, nayo yarekodiwe kwa video na kupimwa na mtu asiyejua nani amepewa nini. Kijiko kilichofika mdomoni kwa ushahidi wa namna hiyo mama atakipokea, na mwanatakwimu hatakuwa na sababu ya kukikataa.