NANI ALIYEWAUMBA AMADOU NA MARIAM?

Liko jambo ambalo hatuwezi kulinyamazia. Wako watu, na baadhi yao ni Waafrika wenzetu, wasemao kuwa Amadou na Mariam, wale mume na mke vipofu wa Mali, "walivumbuliwa" mwaka 2004, pale Mfaransa Manu Chao alipowatengenezea santuri ya Dimanche à Bamako. Kabla ya hapo, wasema, hawakuwa kitu.

Hiyo ni kasumba tupu! Zamani tuliambiwa kuwa mito na maziwa yetu yalivumbuliwa na Wazungu, kana kwamba waliokuwa wakiyanywa maji yake ni samaki. Leo ni zamu ya waimbaji wetu.

Tutazame kweli. Katika miaka ya 1970 Amadou Bagayoko alikuwa mpiga gitaa wa bendi ya Les Ambassadeurs mjini Bamako. Katika chuo cha vipofu cha mji huo alikutana na Mariam Doumbia, wakaoana mwaka 1980. Baadaye walihamia Abidjan, wakatoa kaseti: sauti mbili na gitaa, basi. Walionunua kaseti hizo walikuwa watu wa Afrika Magharibi, kwa fedha zao wenyewe. Mwaka 1998 ikatoka santuri ya Sou ni tilé, maana yake usiku na mchana, na wimbo wake Je pense à toi ukapendwa huko huko Ufaransa. Hiyo ni miaka 6 kabla ya huyo "mvumbuzi"!

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Manu Chao alifanya kazi njema: alitia makelele ya mitaani, akaimba nao, na wasikilizaji wa Ulaya wakaongezeka. Lakini aliyepaka nyumba rangi haitwi mjenzi wake. Mwaka 2008, katika Welcome to Mali, walishirikiana na Mwingereza Damon Albarn, na mlio ukabadilika tena. Jee, naye aliwavumbua? Vyombo vilibadilika, gitaa la Amadou na sauti zile mbili hazikubadilika.

Amadou alifariki Aprili 2025, hawezi tena kujijibia. Basi tumjibie sisi. Atakayewasifu watu hawa na aanze na ile santuri ya 1998, si ya 2004. Anayekubali historia yake ianze siku mgeni alipobisha hodi, amekwisha mkabidhi mgeni ufunguo wa nyumba.