Sumu Isiyokuwapo

Majuzi nilimtembelea shangazi yangu, Mji wa Kale hapa Mombasa, nikamkuta ameziweka kando dawa za sukari alizoandikiwa na daktari. Mahali pake palikuwa na chupa ya vidonge aliyouziwa na mchuuzi wa mlango kwa mlango, yenye kibandiko kinachodai kwamba "huondoa sumu zote mwilini". "Mwanangu," aliniambia, "sumu ikitoka, hiyo sukari itakaa wapi?"

Mimi si tabibu. Shahada yangu ni ya isimu. Lakini kosa hili limeanzia katika lugha, na hapo nina haki ya kusema. Viini ambavyo wauzaji, na magazeti pia, huviita "viondoa sumu" haviondoi sumu yoyote. Kazi hiyo ni ya ini na figo. Mwili unapotumia oksijeni kuunguza chakula, huzalisha molekuli zisizotulia, ambazo hunyakua elektroni za jirani zake na kuzidhuru seli. Viini hivi huzipa elektroni hiyo, zikatulia. Ningependelea viitwe "vizuia-oksidi". Ni neno gumu mdomoni, nakiri, lakini halimdanganyi mtu.

Wapishi wetu walilijua jambo lenyewe kabla ya istilahi. Biringani likikatwa na kuachwa, hewa huligeuza rangi. Likitiwa ndimu, hukawia kugeuka. Katika ndimu mna vitamini C, ambayo ni kizuia-oksidi.

Anayevitaka viini hivi na aende Marikiti. Mchicha, kisamvu na matembele vina beta-karotini. Pera, ambalo tunawaachia watoto, lina vitamini C kuliko chungwa la uzito uo huo. Nyanya ina likopeni, ambayo mwili huipokea vyema zaidi nyanya ikipikwa kwa mafuta kidogo. Karafuu, mdalasini na manjano vimejaa polifenoli, ingawa hakuna alaye karafuu kwa sahani. Unga wa ubuyu nao una vitamini C. Sisemi yale mabuyu mekundu ya vichochoroni, yaliyochemshwa kwa sukari na rangi, ambayo shangazi hana ruhusa ya kuyagusa. Mboga zisichemshwe mno na maji yake kumwagwa, kwani vitamini C huharibika kwa moto na kutoka pamoja na maji. Shirika la Afya Duniani linashauri gramu 400 za matunda na mboga kwa siku.

Lakini je, vidonge si njia ya mkato? Nchini Finland wanaume wavutaji sigara 29,133 walifanyiwa utafiti, na matokeo yakatangazwa mwaka 1994: waliopewa vidonge vya beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Utafiti mwingine wa namna hiyo nchini Marekani ulisimamishwa mapema mwaka 1996 kwa hofu iyo hiyo. Kiini kilichotengwa na mboga yake si mboga.

Kwa hiyo nawaomba wahariri, wa gazeti hili wakiwemo, waliache neno "viondoa sumu". Asomaye neno sumu hutafuta dawa, na wauza chupa wanalijua hilo vyema.

Shangazi amezirudia dawa zake, baada ya vikombe vitatu vya kahawa na maneno mengi. Chupa bado i kabatini. Anasema aliinunua kwa pesa zake, haitupi.