Jibu la Kwanza Si Amri

Nilifanya KCPE nikiwa na penseli mbili na raba mpya ambayo sikuitumia hata mara moja. Mwalimu wetu wa darasa la nane alikuwa ametuonya muhula mzima: "Jibu la kwanza ndilo sahihi. Ukifuta, umejifelisha." Katika karatasi ya Kiswahili niliweka "waraka" katika ngeli ya A-WA, nikihadaiwa na ile "wa" ya mwanzo. Kurasa chache mbele, ndani ya ufahamu, nikakutana na "nyaraka hizo". Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu! Nikashika raba, nikakumbuka sauti ya mwalimu, nikaiweka chini.

Ajabu ni kwamba hata chuoni, kabla ya majaribio ya maswali ya kuchagua, bado tunaambiwa yale yale, tena na watu wanaotudai ushahidi kwa kila dai tunaloandika.

Basi ushahidi huu hapa. Mwaka 2005 Justin Kruger na wenzake walichapisha utafiti ambamo walikagua alama za kufuta katika karatasi za mtihani wa saikolojia za wanafunzi 1,561 wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Asilimia 51 ya mabadiliko yalitoka kwenye kosa hadi jibu sahihi. Yaliyoharibu jibu sahihi yalikuwa asilimia 25, na mengine yalihama tu kutoka kosa moja hadi jingine.

Mbona basi imani hii haifi? Watafiti hao wanataja majuto. Ukifuta jibu lililokuwa sahihi, linakuuma kwa sababu ulikuwa nalo mkononi, na utalisimulia mwaka mzima. Ukiokoa alama mbili kwa kufuta, unatoka chumbani na kusahau. Nadhani walimu nao husikia vilio vya wale wa kwanza tu.

Mtaniuliza: je, anayefuta kwa sababu ya hofu? Huyo simtetei, anacheza bahati nasibu. Namtetea aliyesoma swali upya akaona neno "isipokuwa" alilokuwa amelipita, au aliyeonyeshwa jibu na swali la mbele, kama mimi.

Wahadhiri wetu, onyo hilo liacheni. Zikibaki dakika kumi, tuambieni turudi kwenye maswali tuliyoyatilia shaka, raba mkononi.