Tusiombe makuta, tuombe fundi



Kiangazi kilichopita, hapa Mulungwishi, motopompe ya kikundi chetu ilikufa mboga zikiwa bado changa. Tukamwita fundi kutoka Likasi. Alipofika alifungua mashine, akabadilisha kipande kimoja kidogo, na baada ya saa moja maji yakatoka. Tulimlipa safari, chakula na kazi yake. Lakini siku tulizomngoja, nyanya zilikuwa zimekwisha kukauka. Nikajiuliza: kati ya vijana wetu wote, wangapi wanajua kufungua ile mashine? Hakuna hata mmoja. Na wale wenye mikono myepesi wamekwisha kwenda kuchimba madini.

Njo maana naandika leo. Wengi wetu tunaona mafunzo ya kazi ni kitu cha mashirika. Mradi ukija, tunafundishwa. Mradi ukiisha, tunakaa kungoja mwingine. Na mara nyingi somo limechaguliwa mbali, na watu wasiojua shamba letu. Mimi nasema hivi: makuta ya kufundisha watu kazi yako pia ndani ya nchi yetu. Ni makuta ya umma, na tunaweza kuyaomba. Shida ni namna tunavyoomba.

Tuangalie milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni INPP, yaani Institut National de Préparation Professionnelle. Leta iliiunda mwaka 1964 ili kufundisha watu kazi za mikono. Inaishi kwa michango ya waajiri: kila mwajiri anatoa sehemu fulani juu ya mishahara anayolipa. Huko wanafundisha umekanika, kuunganisha vyuma, umeme na kazi nyingine. Mtu atasema: «Hiyo ni ya watu wa kampuni, si ya wakulima.» Lakini motopompe ni mashine, na kinu cha kusaga mahindi ni mashine. Mkulima anayejua kuzitengeneza ni fundi kama fundi mwingine.

Mlango wa pili uko katika sheria ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018. Kampuni inayochimba inapaswa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa miradi ya maendeleo ya jamii zinazoguswa na kazi yake. Tufanye hesabu: kampuni ikiuza madini ya dola milioni 100, fungu hilo ni dola 300,000. Kampuni inapaswa pia kutia sahihi na jamii hizo daftari la ahadi, lile tunaloita kaye de sharje. Je, katika daftari la eneo lenu, kilimo kimeandikwa? Mafunzo ya vijana yameandikwa? Kitu ambacho hakikuandikwa, hakuna atakayekikumbuka.

Mlango wa tatu ni sheferi, sekta, komine ao mji. Sheria hiyo hiyo ya 2018 inagawanya ushuru ambao kampuni inalipa juu ya madini: asilimia 50 inakwenda kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa sheferi, sekta ao komine ambamo uchimbaji unafanyika, na 10 inawekwa kwa ajili ya vizazi vijavyo. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: shimo liko katika eneo la nani? Kama liko kwenu, ofisi yenu ina fungu lake. Kama haliko kwenu, msipoteze nguvu kwenye mlango huo. Pigeni hodi kwingine.

Sasa nasema wazo langu, na najua si wote watalipenda. Kooperative isiombe makuta mkononi. Iombe fundi, iombe somo, iombe nafasi ya mwanafunzi. Yule anayelipa amlipe mwalimu moja kwa moja. Tumeona vikundi vilivyopata pesa ya mafunzo, ikaishia kwenye posho za kikao na soda, na wanachama wakagombana mpaka leo. Ufundi hauliwi hivyo. Kijana aliyejifunza kutengeneza motopompe, hakuna perezida ao kesiye anayeweza kumnyang'anya ule ujuzi.

Kila mlango una ombi lake. Kwa sheferi ao komine, tuombe kitu kinachojengwa: karakana ndogo yenye mlango wa kufunga. Kwa fungu la asilimia 0.3, tuombe gharama za masomo na vyombo vya kazi. Kwa INPP, tuombe mwalimu na nafasi za wanafunzi. Mlango mmoja ukifungwa, mingine bado.

Lakini kuna jambo moja kabla ya yote: lazima kooperative iwe na jina mbele ya sheria. Kongo iliingia OHADA mwaka 2012, na sheria ya OHADA juu ya kooperative inasema watu 5 tu wanatosha kuunda kooperative ndogo. Inataka kanuni zilizoandikwa na kuandikishwa katika rejista ya kooperative. Kikundi kisichoandikishwa, hata kiwe na watu mia, mbele ya ofisi ni watu wanaopita njiani.

Na barua? Ukurasa mmoja unatosha. Andikeni shida yenyewe, si hotuba: «Motopompe yetu ilikufa mara tatu, tulipoteza mboga za kiasi hiki.» Andikeni majina ya watakaojifunza, na wanawake wawemo, maana njo wao wanaomwagilia. Andikeni bei, na mliyeuliza bei hiyo. Andikeni mchango wenu: magunia ya mahindi, nyumba ya mwalimu kulala, matofali. Andikeni pia kwamba kila aliyefundishwa atafundisha wengine wawili. Tieni sahihi pamoja na ripoti ya kikao. Kisha pelekeni nakala mbili: moja inabaki ofisini, ya pili inarudi nyumbani ikiwa na kashe na tarehe. Barua isiyo na kashe ni hadithi tu.

Muda nao ni kitu. Mwaka wa bajeti unaanza tarehe 1 Januari, na bajeti inaandikwa kabla. Ukileta ombi mwezi wa pili, watakuambia makuta yamegawanywa. Tuandike wakati wa kiangazi, na tuombe mafunzo yenyewe yafanyike kiangazi kinachofuata, wakati mahindi yameingia gudulani.

Nasikia wengine kwenye kikao: «Ile makuta bakubwa banakulaka yote, tunajisumbukia nini?» Siwezi kuapa kwamba haziliwi. Lakini pesa ambayo hakuna aliyeiuliza ni rahisi zaidi kuliwa. Barua yenye kashe, iliyosomwa mbele ya wanachama wote na kubandikwa kwenye ukuta wa gudulani, ni macho mia yanayoangalia. Na wakikataa, tutakuwa na kitu cha kuonyesha tutakaporudi mwaka unaofuata.

Kila Zambia inapozuia mahindi yake, bei ya unga inapanda Likasi na Lubumbashi, na wote wanakumbuka kwamba bukari inatoka shambani. Basi mwenye shamba naye astahili kufundishwa kazi yake. Kwenye kikao chenu kijacho, kabla ya kufunga, ulizeni swali moja tu: ni fundi gani tunamkosa? Jibu mtakalopata, njo mstari wa kwanza wa barua.